Saratani ya mlango wa kizazi kwa mwenye VVU: matundu madogo au kupasuliwa wazi?

Mshauri_Barani

Salaam aleikum wakubwa. Naomba jambo hili tulichambue mpaka mwisho, maana kwenye kliniki za ARV hapa Malindi linarudi kila mara, na kila mara na jibu jipya.

Chukulieni mama wa miaka 41, watoto wanne, wa mwisho alizaliwa kwa kisu. Anatumia TLD (kidonge kimoja cha VVU chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir), virusi havionekani kwenye damu kwa miaka kadhaa, CD4 (hesabu ya askari wa kinga) ni 380. Kinyama kilichokatwa mlango wa kizazi kimetoka na jibu la saratani ya seli bapa. MRI inaonyesha uvimbe wa sentimita 1.8, haujatoka nje ya mlango, tezi za nyonga hazijavimba. Kwa hatua za FIGO (shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake) za 2018 hiyo ni IB1, saratani ingali changa.

Mama kama huyu husikia maneno mawili yasiyopatana. La kwanza: "Una virusi, lazima ufanyiwe kwa matundu madogo ya kamera, kidonda kirefu hakitafunga." La pili: "Una virusi, mashine ya kamera haitumiki kwa watu kama nyinyi, ni kupasuliwa wazi tu." Anarudi kliniki na karatasi mkononi, hajui amsikilize nani.

Nauliza basi: nani yuko sawa? CD4 iwe ngapi ndiyo apelekwe thieta? Vidonge siku ya operesheni vinamezwa ama vinaachwa? Na mlio thieta, ule moshi wa kisu cha umeme una hatari gani kwenu? Nipeni hesabu tafadhali, "inategemea" nimeisikia ya kutosha.

Kisu_na_Uzi

Waaleikum salaam dada. Wote wawili wamekosea, ila wa pili ameangukia jibu zuri kwa sababu mbaya. Ikiwa mama huyo atatolewa kizazi kwa upasuaji mpana, apasuliwe wazi. VVU haimo kwenye hoja hiyo kabisa. Mwenzake asiye na virusi mwenye uvimbe uleule angeambiwa vilevile.

Sababu ni utafiti wa LACC uliochapishwa 2018. Wanawake 631 wenye saratani changa ya mlango wa kizazi, kura ikaamua nani apasuliwe wazi na nani kwa matundu, roboti ikiwemo. Baada ya miaka 4.5, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa 86.0% upande wa matundu na 96.5% upande wa wazi. Waliokuwa hai baada ya miaka 3: 93.8% kwa 99.0%. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Kabla ya hapo wengi wetu tuliamini matundu ni sawa ama bora, kwa hiyo usishangae ukikuta mtu bado anayauza.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu la mwisho halijapatikana, lakini washukiwa wanajulikana. Kwa matundu, kizazi huinuliwa na kugeuzwa kwa fimbo inayopitishwa ukeni hadi ndani ya kizazi, na fimbo hiyo inapita katikati ya uvimbe wenyewe. Kisha uke unakatwa kutoka ndani ya tumbo, gesi ikizunguka na uvimbe ukiwa wazi kwenye utumbo. Kwa wazi, daktari hubana uke kwa koleo chini ya uvimbe, akakata chini ya koleo, na uvimbe unatoka umefungwa kama mdomo wa gunia. Kuna wanaofanya kwa matundu bila fimbo na kuufunga uke kwanza kutoka chini. Hoja yao ina akili, lakini mgonjwa wa kawaida asiwe uwanja wa kuijaribu nje ya utafiti rasmi.

Sasa sikiliza hili, ndilo ningelitilia mkazo kwa mama huyo kuliko habari ya kidonda kirefu. Uvimbe wake ni sentimita 1.8. Utafiti wa SHAPE wa 2024 ulikuwa na wanawake 700 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, uliochimba chini ya milimita 10 kwenye kinyama ama chini ya nusu ya ukuta kwenye MRI. Nusu walitolewa kizazi kwa upasuaji wa kawaida, nusu kwa upasuaji mpana, na wote tezi zikachunguzwa. Ugonjwa kurudi nyongani ndani ya miaka 3 ulikuwa 2.52% kwa wa kawaida na 2.17% kwa mpana, yaani karibu sawa, na shida za mkojo zilikuwa chache kwa wa kawaida. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari wake liwe: umechimba kiasi gani? Kama kipimo hicho hakiko kwenye ripoti ya MRI, airudishe isomwe tena kabla ya kupangiwa tarehe. Na msiichanganye SHAPE na LACC: wengi kwenye SHAPE walifanyiwa kwa matundu, lakini haikupangwa kujibu swali la matundu.

Tofauti ya hizo mbili mama ataihisi kwenye kibofu. Upasuaji mpana unaondoa kizazi, nyama za pembeni zinazokishikilia na sentimita 1 hadi 2 za juu ya uke. Mrija wa mkojo utokao figoni unapita hapo hapo, chini ya mshipa wa damu wa kizazi, na lazima uvuliwe kutoka kwenye nyama hizo kidogo kidogo. Neva za kibofu nazo zinaguswa. Ndiyo maana mpira wa mkojo hukaa wiki nzima ama zaidi, na ukitolewa mgonjwa akojoe, kisha kinachobaki kipimwe; kikizidi mililita 100 mpira unarudi. Mrija ukiumia, huenda usijulikane siku hiyo. Mara nyingi ni wiki ya kwanza hadi ya tatu, mama yuko nyumbani, anaanza kulowa majimaji bila kukojoa. Akija, kibofu kijazwe maji ya methilini ya buluu na pamba iwekwe ukeni. Pamba ikitoka buluu, tundu liko kwenye kibofu. Ikiwa imelowa lakini haina rangi, mshukiwa ni mrija. Familia nyingi huchukulia ni uchafu wa kidonda na kungoja, na kila wiki ya kungoja figo inalipa.

Matundu yanapofaa, yanafaa pia kwa mwenye VVU. Saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi iliyo hatua ya mapema, matundu ndiyo njia ya kawaida. Ya utumbo mpana nayo: utafiti wa COST wa 2004, watu 872, ugonjwa kurudi kwa miaka 3 ulikuwa 16% kwa matundu na 18% kwa wazi. Tundu la kamera ni la milimita 10 kitovuni, mengine matatu ama manne ni ya 5 hadi 12. Gesi ya kaboni dioksidi inashikiliwa kwenye shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Utumbo uliokatwa unatolewa kupitia mkato wa sentimita 5 hadi 7 uliofunikwa kingo zake, ama ndani ya mfuko, usiguse ngozi ya tumbo. Anayevuta kipande cha saratani kupitia tundu tupu anapanda mbegu njiani. Na mwenye kinga dhaifu, matundu yanampunguzia kidonda kuoza na kulala kitandani, kwa hiyo ukisikia "mashine haitumiki kwa watu kama nyinyi", hiyo ni ubaguzi uliovaa koti jeupe.

Kovu la uzazi alilonalo ni la kumwambia daktari mapema. Kibofu na utumbo vinaweza kuwa vimegandana na ukuta wa tumbo pale chini ya kitovu. Hapo sindano ya kwanza ya gesi isichomwe kitovuni kwa mazoea. Huingiwa chini ya mbavu za kushoto, kama sentimita 3 chini ya ukingo, ama tumbo lifunguliwe kwa macho. Na daktari akianza kwa matundu akageukia wazi, msimhesabu ameshindwa. Damu isiyodhibitika kwa kamera haina cha kubembeleza.

CD4: hakuna nambari inayofunga mlango. Chini ya 200, nimonia na maambukizi ya kidonda huongezeka, kwa hiyo tunajiandaa zaidi. Kidonda kinakataa kufunga kwa damu chache, albumini (protini ya damu) ya chini, sukari na sigara, na hivyo ndivyo vya kurekebishwa wiki mbili tatu kabla. Mwenye 380 na virusi visivyoonekana anapona kama jirani yake.

MfamasiaShella

Daktari amemaliza upande wake, mimi nishike vidonge.

Siku ya operesheni TLD inamezwa. Anayekunywa saa tatu usiku hana cha kubadilisha. Anayekunywa asubuhi ameze kwa funda la maji; maji meupe yanaruhusiwa mpaka saa 2 kabla ya nusukaputi, chakula kigumu ndicho kinachokatwa saa 6 kabla. Ile karatasi ya wodi inayosema "asiweke kitu mdomoni" husomwa na vidonge vikaachwa siku ya operesheni, kisha siku mbili za kichefuchefu, kisha mtu anasahau kuvirudisha. Ninavyoona mimi, hilo ndilo kosa la kwanza kwa wingi, na halihitaji mashine yoyote kulizuia: andikeni "ARV ziendelee" kwa kalamu nyekundu juu ya chati.

Kuna sababu nyingine ya kutoziacha ambayo wengi hawaifikirii. Tenofovir na lamivudine zilizomo kwenye TLD zinakandamiza pia homa ya ini aina ya B. Mtu akiwa nayo bila kujua, vidonge vikikatizwa ini linaweza kuwaka, macho yakawa manjano, na wodini wakaanza kuilaumu dawa ya usingizi. Kipimo cha homa hiyo (HBsAg) kifanywe kabla.

Asiyeweza kumeza, dolutegravir inaweza kupondwa kwenye maji na kupitishwa kwenye mrija wa puani mara moja, isikae. Lakini mrija huo huo usipitishwe maziwa yenye kalsiamu ama madini wakati huo.

Hapo ndipo penye mtego mkubwa baada ya upasuaji. Mama amepoteza damu, anaandikiwa chuma. Mwingine anapewa kalsiamu, mwingine dawa nyeupe ya kiungulia yenye magneziamu ama aluminiamu. Zote hizo zinaikamata dolutegravir tumboni isiingie mwilini. Kanuni: dolutegravir saa 2 kabla yake, ama saa 6 baada yake. Chuma na kalsiamu zinaweza kumezwa pamoja nayo iwapo ni pamoja na chakula kamili, lakini ya kiungulia haina msamaha huo. Omeprazole haina ugomvi na dolutegravir. Ina ugomvi mkubwa na atazanavir, ARV nyingine, ambayo inataka asidi ya tumbo. Na kwa kuwa tumeitaja atazanavir: humfanya mtu awe na macho ya manjano bila ini kuwa na kasoro. Mwambie daktari wa upasuaji kabla hajaagiza picha tatu za nyongo.

Figo. Tenofovir pamoja na diklofenaki kwa mgonjwa aliyekauka maji ni njia fupi ya kuziumiza figo. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na morfini ama tramadoli juu yake. Msitishike kreatinini (kipimo cha damu cha figo) ikiwa juu kidogo kwa anayetumia dolutegravir: dawa hiyo hupunguza kreatinini kutoka kwa njia ya mkojo bila figo kuumia, na ongezeko hilo hutokea wiki za kwanza likatulia hapo. Ikipanda siku ya pili baada ya upasuaji, hiyo si dolutegravir, tafuteni maji aliyopoteza ama mrija wa mkojo uliofungwa na uzi.

Tezi zikikutwa na saratani na mama akapelekwa kwenye mionzi, ataandikiwa sisplatini miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mara moja kwa wiki, wiki 5 hadi 6. Sisplatini na tenofovir zote zinaumiza figo zilezile. Zungumzeni na kliniki ya ARV kubadilisha tenofovir kabla ya dozi ya kwanza. Ukingoja kreatinini ipande, sisplatini itakatizwa na hapo saratani ndiyo inayofaidika. CD4 yake itashuka kwenye mionzi hata kama virusi havionekani. Asilaumiwe kwamba ameacha dawa.

Walio kwenye ARV zenye ritonavir wana orodha yao. Midazolamu inakaa mwilini muda mrefu na fentanili inaweza kuzima pumzi, kwa hiyo mtu wa nusukaputi aione karatasi ya ARV yenyewe, isiwe habari ya mdomo. Wa rifampisini, dawa ya TB: dolutegravir miligramu 50 mara mbili kwa siku, siyo mara moja.

Mshauri_Barani

Shukrani, nimepata zaidi ya nilichokuja nacho. Yamebaki mawili. Chuma wakati wa Ramadhani, kwa wale watakaong'ang'ania kufunga wiki chache baada ya upasuaji? Na yule anayegundulika ana virusi siku ileile ya kugundulika saratani, angoje mpaka lini?

MfamasiaShella

Mwenye kidonda ana ruhusa ya kula, aanzie hapo. Akikataa ruhusa: TLD kwenye futari, chuma kwenye daku. Futari saa kumi na mbili na nusu jioni, daku saa kumi alfajiri, hapo katikati ni zaidi ya saa 9. Akigeuza, chuma futari na TLD daku, bado inafaa, maana zinapita saa 6. Kosa ni kuvimeza vyote na tende moja.

Kisu_na_Uzi

La pili: aanze ARV wiki hiyohiyo na mipango ya upasuaji iendelee pembeni. Kwa dawa zenye dolutegravir, wengi virusi vinashuka sana ndani ya wiki 4 hadi 8, na muda huo kwa kawaida unaliwa na MRI, damu na foleni ya thieta. Kungoja miezi sita CD4 ipande huku uvimbe wa sentimita 1.8 unakuwa 4.5 ni kumhamisha kutoka kwenye kisu hadi kwenye mionzi kwa mikono yetu.

Ila achunguzwe kifua kikuu kwanza, na nitaeleza kwa nini. Kifua kikuu cha tumboni hujaza maji, hupandisha CA-125 (kipimo cha damu cha saratani ya mayai), na ukiingiza kamera unaona chembe nyeupe kama ufuta zimetapakaa kila mahali. Inafanana kabisa na saratani ya mayai iliyosambaa. Hapa matundu madogo ni neema: kata vipande vitatu vinne, kimoja kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi kinyama), kimoja bila formalini kwa kipimo cha TB, funga, toka. Anayekimbilia kufungua tumbo zima na kung'oa kizazi ametibu kwa kisu kitu kinachotibiwa kwa vidonge vya miezi. Limfoma (saratani ya tezi) na Kaposi (saratani ya mishipa, hutokea sana ngozini) vilevile: kisu ni cha kuchukua kinyama tu, tiba yake ni ARV na dawa za saratani.

Nesi_wa_Thieta

Mmezungumza kama wanaume wa visu vikubwa. Upasuaji mdogo kuliko wote ni kitanzi cha umeme, ile LEEP, kabla saratani haijawa saratani. Mwanamke mwenye VVU ana hatari mara 6 ya saratani hii kuliko asiye nayo, na WHO tangu 2021 inasema aanze kupimwa HPV (kirusi kinacholeta saratani hii) akiwa na miaka 25, kisha kila miaka 3 hadi 5. Wenye mabadiliko makali ya kabla ya saratani, kitanzi kinashinda kugandisha kwa baridi kali: utafiti uliofanyika hapa Kenya kwa wanawake 400 wenye VVU, uliochapishwa 2019, ulikuta baada ya miaka 2 ugonjwa umerudi kwa 30% ya waliogandishwa na 19% ya waliokatwa kwa kitanzi. Angalieni lakini, hata hiyo 19% ni karibu mmoja kwa watano. Arudi kupimwa baada ya miezi 12, na akiwa safi, miezi 12 tena. Asiguswe na mume wiki 4, kidonda kibichi kinatoa virusi kwa wingi kuliko kawaida.

Moshi sasa. HPV imepatikana kwenye moshi wa kitanzi. VVU, hakuna mhudumu aliyethibitishwa kuambukizwa kwa moshi. Kwa hiyo moshi tuuogope kwa wagonjwa wote, maana HPV haiulizi hali ya mtu. Mpira wa kufyonza uwe sentimita 2 kutoka kwenye ncha inayounguza. Ukiuweka mbali sentimita 15 unafyonza hewa ya chumba. Barakoa ya kawaida ya thieta haichuji moshi, vaeni N95.

Kwenye kamera hatari iko mwishoni. Mtu amechoka, anachomoa bomba la tundu gesi ikiwa bado tumboni, na inatoka kwa nguvu na matone ya damu usoni. Fungueni koki ya bomba iliyounganishwa na kichujio, tumbo lilale kwanza, halafu mchomoe. Gesi ikibaki nyingi ndiyo mgonjwa anayelia bega linauma siku mbili tatu; inakera msuli wa pumzi, na neva yake inatuma maumivu begani. Elezeni mapema, la sivyo ataambiwa amevunjwa bega juu ya meza.

Sindano: kuchomwa na sindano yenye damu ya mtu asiyetibiwa, uwezekano wa kuambukizwa VVU ni kama 3 kwa 1,000. Kwa aliyekandamiza virusi ni mdogo zaidi. Osha kwa maji na sabuni, usikamue, anza dawa za kinga ndani ya saa 2 ukiweza, mwisho saa 72, meza siku 28. Na ya kuwa na seti ya vyombo "vya wale" iachwe. Virusi hivi vinakufa upesi. Kinachotupa kazi ni vijidudu vya TB na damu iliyoganda ndani ya vyombo vyenye tundu katikati. Brashi, sabuni ya kimeng'enya, kisha otoklevu (mashine ya mvuke) nyuzi 134, kwa kila mgonjwa. Sheria ya VVU ya 2006 inakataza kumnyima mtu huduma kwa hali yake, na ipo mahakama maalumu ya kupeleka malalamiko.

Kisu_na_Uzi

Nesi nimekubali, isipokuwa moja: kitanzi kisipitishwe kwenye kitu ambacho macho yanaona ni uvimbe. Hapo ni kinyama kidogo tu. Kitanzi kwenye saratani iliyokomaa kinaleta damu nyingi, na kinaharibu kipimo cha ukubwa tulichokuwa tunakihitaji.

Maabara_Langoni

Salaam kutoka Lamu. Natia langu dogo, maana yote mliyosema yanaamuliwa na kipande kinachotufikia.

Formalini ya 10%, ujazo mara 10 ya kipande. Kipande cha kitanzi kikiminywa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi kinafika kimeoza katikati, na kwenye joto la Machi hiyo ni siku moja tu. Mtu akikata kitanzi afunge uzi kwenye alama ya 12 ya uso wa saa, yaani upande wa mbele wa kipande, na aandike hivyo kwenye fomu. Bila uzi tunaweza kusema ukingo una ugonjwa lakini hatuwezi kusema ukingo upi. Kisitoke vipande vitano. Kizazi kizima kifunguliwe kwa mkato mmoja wa mbele kabla ya kutumbukizwa, formalini haipenyi ukuta wa sentimita mbili kwa usiku mmoja.

Chupa inayovuka kwa boti kwenda Mokowe na kupanda basi la Mombasa iwe na kifuniko cha kusokota, ndani ya mfuko wa pili wenye pamba. Fomu iwe mfuko mwingine, formalini inafuta wino. Nje ya chupa namba na tarehe tu; hali ya VVU iko ndani ya fomu kwa mtaalamu, haina kazi kwa utingo wa basi.

Dada Mshauri, mgonjwa wa huku anapokwenda Mombasa kwa upasuaji abebe vidonge vya siku 60, hata kama ameambiwa wiki mbili. Vikae kwenye mkoba anaoshika, visiwekwe kwenye buti la basi, maana chupa imeandikwa chini ya nyuzi 30. Na leso ya tumbo: bibi zetu hufunga kwa nguvu kama mzazi. Juu ya mkato ifungwe ya kushikilia tu, vidole viwili vipite chini yake, na isiwe juu ya kidonda kilicholowa.

Mshauri_Barani

Majibu ya patholojia yakitoka, nisome wapi kwanza kabla ya kumpeleka kwa daktari?

Maabara_Langoni

Mistari minne: kina cha uvimbe kwa milimita, ukingo wa uke uko safi ama la, saratani imeingia kwenye mishipa midogo ama la, na tezi ngapi zimehesabiwa, ngapi zina ugonjwa. Mmoja ukikosekana, piga simu maabara siku hiyo hiyo. Baada ya wiki chache kipande kilichobaki hutupwa na hakuna wa kuhesabu tena.